Kigari chekundu na foleni ya mtihani wa udereva

Kwenye meza ya mtihani wa udereva kuna ubao uliochorwa mji. Una barabara kuu, njia panda, raundabauti, kivuko cha watu wa miguu na reli. Mwanafunzi anapewa kigari cha kuchezea na kuambiwa, "Toka hapa, nipeleke mpaka pale hospitali." Anakisukuma kwa vidole huku akieleza kila anachofanya: naangalia kioo, natoa indiketa, nashika leni ya kulia, nampa nafasi anayetoka kulia kwangu. Kila aliyepitia mtihani huo Kenya anaukumbuka ubao. Wapo wanaouogopa kuliko gari lenyewe.

Mitihani iliporudi wakati wa korona, pale tunapopeleka wanafunzi wetu palikuwa na kigari kimoja tu, chekundu, cha plastiki, kimekatika gurudumu moja la nyuma. Mwanafunzi akimaliza, mtahini anakinyunyizia sanitaiza, anakilaza juu ya karatasi ya shashi, anasubiri kikauke kwa sababu kikiwa na maji kinaacha michirizi kwenye ubao na rangi inaanza kutoka. Kisha anaita mwingine. Nilikuwa nimesimama nje ya dirisha, barakoa imenipanda hadi machoni, nikaanza kuhesabu muda kwa saa ya simu. Ni kama dakika mbili hivi za kungoja kigari kikauke. Siku hiyo tulikuwa na watu arobaini. Arobaini mara mbili ni dakika themanini, yaani saa moja na dakika ishirini za watu wazima kungoja kigari cha mtoto kikauke.

Jioni ile nilipitia sokoni nikanunua vigari kumi na viwili. Kuanzia hapo kila mwanafunzi wangu alienda na chake mfukoni, kimeoshwa kwa sabuni nyumbani. Mtahini aliniangalia, akacheka, akasema, "Mwalimu, hii ungetuambia mapema." Walimu wa shule nyingine nao wakaanza kununua. Mmoja alitumia vizibo vya soda alivyopaka rangi na kuchora mshale wa kuonyesha mbele ni wapi, na vilifanya kazi vizuri tu.

Nimefundisha udereva hapa Nakuru tangu 2011. Naandika haya kwa sababu wizara ya afya ilipotangaza Julai 31, 2024 kwamba ugonjwa wa kuambukiza wa mpox umegunduliwa kwa msafiri aliyepitia mpaka wa Taveta, mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza darasani, "Madam, watafunga tena mitihani?" Sikuwa na jibu la ndiyo au hapana. Ila nilikuwa na daftari la mwaka 2020 na 2021, nikalitoa kabatini usiku ule na kulisoma ukurasa kwa ukurasa. Yaliyomo humo hayafai kukaa kabatini.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 13, 2020. Wiki mbili baadaye, Machi 27, kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Masomo yakasimama na mitihani ikasimama. Gari letu la kufundishia, saluni nyeupe yenye alama ya L mbele na nyuma, lilikaa uani Free Area limefunikwa turubai. Kila Jumatatu nililiwasha kwa dakika kumi betri isife.

Simu ndizo zilizonichosha. Kulikuwa na mama wa Bondeni ambaye mumewe alikuwa ameugua mgongo na pikapu yao ya kubeba mboga ilikuwa imesimama bila dereva. Alikuwa amebakiza mtihani tu. Alinipigia karibu kila wiki. "Mwalimu, ngoja ngoja huumiza matumbo," aliniambia siku moja, na hakuwa anatania, kwa sababu aliendelea kunieleza kwamba alikuwa akimlipa kijana wa watu kuendesha pikapu na faida yote ilikuwa inaishia kwa kijana huyo. Kulikuwa na nesi aliyehitaji leseni ili aweze kutoka zamu ya usiku bila kutegemea matatu, maana baada ya kafyu hakuna matatu. Na kulikuwa na kijana wa boda wa Kaptembwa. Huyo hakungoja. Alianza kupeleka mitungi ya gesi nyumba kwa nyumba bila leseni, na biashara hiyo wakati huo ilikuwa imeshamiri kwa sababu watu hawakutaka kutoka nje. Nilimkanya. Akanijibu kwa heshima, "Mwalimu, watoto hawajui kwamba mtihani umesimama."

Jibu lake lilinikaa kichwani. Tunapozungumza juu ya kuchelewa kwa mtihani, watu hudhani wanafunzi wamekaa nyumbani wakisubiri. Wengi hawakai. Wanaingia barabarani hivyo hivyo, bila mtu kuwapima, na wengine wanatafuta njia za vichochoroni za kupata kadi. Kwa hiyo foleni ya mtihani ni jambo la usalama, na katika janga la afya uzito wake unazidi, kwa sababu mtu akivunjika mguu Kaptembwa anaenda kulala kwenye hospitali ile ile inayotafuta vitanda vya wagonjwa wa korona.

Kwa hesabu rasmi, korona iliua zaidi ya watu 5,600 nchini mwetu katika kipindi chake chote. Barabara zetu, katika mwaka 2020 na 2021 pekee, kwa takwimu za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ziliua zaidi ya watu 8,000. Mwaka 2020, ambao watu walifungiwa na kafyu ikawa kali, vifo vya barabarani havikupungua, vilipanda. Sisi wa Nakuru hatuhitaji kuelezwa. Tuna Salgaa na Sachang'wan, sehemu za barabara kuu zinazojulikana kwa ajali. Usiku wa kuamkia Desemba 31, 2017 pale Migaa, basi na lori viligongana na watu 36 wakafa. Mpaka leo nikiwa na mwanafunzi wa malori siwezi kumfundisha kushuka kwa gia bila kutaja Migaa.

Ndiyo maana ninapinga kabisa wazo la kuondoa mtihani ili foleni iishe. Lilijaribiwa. Aprili 2020, gavana wa jimbo la Georgia kule Marekani aliamuru vijana wapewe leseni bila kupimwa barabarani. Karibu vijana 20,000 walipata leseni kwa njia hiyo, lawama zikazidi, na ikabidi aamuru warudi wapimwe kabla ya mwisho wa Septemba. Kwa hiyo foleni haikuisha, iliahirishwa tu, na katikati ya hapo barabarani kulikuwa na maelfu ya vijana ambao hakuna aliyewaona wakishika breki. Kanada, katika jimbo la Ontario, walichukua njia ya kati. Januari 2022 walipunguza mtihani wenyewe, wakaondoa mambo kama kuegesha gari sambamba na ukingo wa barabara na kugeuza gari kwa hatua tatu, ili mtahini mmoja aweze kupima watu wengi zaidi kwa siku. Wakaacha makutano, kubadilisha leni na barabara kuu. Hilo naweza kulijadili. Hakuna aliyewahi kufa kwa sababu dereva hakujua kuegesha vizuri nje ya benki, lakini raundabauti usipoijua utaua mtu.

Ila kwetu sidhani tulihitaji hata kufika huko. Nikilisoma daftari langu naona saa nyingi zilizopotea hazikupotelea kwenye gari. Mtihani wa barabarani wenyewe unachukua dakika chache. Zilipotea kwenye kungoja.

Tulikuwa tumezoea kuitwa wote saa mbili asubuhi. Shule tano, walimu watano, wanafunzi wote wakikusanyika kwenye kiwanja kimoja, na wa mwisho anaitwa saa tisa alasiri. Kabla ya korona ilikuwa kero tu. Wakati wa korona ikawa hatari, na juu ya hatari ikawa gharama. Matatu ya abiria 14 ilikuwa inabeba wanane, na nauli ilikuwa imepanda. Mwanafunzi wa Molo au Kuresoi alilazimika kutoka nyumbani mara tu kafyu inapoisha, afike saa mbili, akae kiwanjani hadi alasiri, kisha akimbizane na kafyu ya jioni. Ikifika saa tisa na watu kumi hawajaitwa, wanaambiwa warudi siku nyingine. Wakirudi siku nyingine wanaongezwa juu ya wale wa siku hiyo.

Tuliokutana pale kiwanjani tulikuwa na kikundi cha WhatsApp, cha kusalimiana na kuuliziana spea. Usiku mmoja niliandika: jamani, kwa nini tusigawane saa? Shule ya kwanza saa mbili, ya pili saa tatu na nusu, ya tatu saa tano, na kuendelea. Wawili walikubali papo hapo. Mmoja alikataa, akasema wanafunzi wake wakiwekwa wa mwisho watarudishwa. Alikuwa na haki. Tukakubaliana kwamba zamu zizunguke, aliyekuwa wa mwisho wiki hii awe wa kwanza wiki ijayo, na aliyerudishwa bila kupimwa aanze yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Asubuhi tukampelekea mtahini karatasi. Alisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema tujaribu.

Hatukubadilisha sheria hata moja wala kuomba mtahini wa ziada. Lakini wiki ya kwanza ya zamu hizo, saa nane mchana kiwanja kilikuwa kitupu na wote walikuwa wamepimwa. Nilisimama pale nikitafuta mtu wa kumuuliza kama kuna aliyesahauliwa.

Jambo la pili tulilofanya ni kutenganisha ubao na gari. Zamani mwanafunzi alifanya ubao, alama za barabarani na gari siku ile ile, mtahini mmoja akikimbia huku na huku. Tulipendekeza wale wa ubao wafanyie nje, chini ya mti, kwa nafasi ya mita moja na nusu, huku mwingine akiwa garini. Hewa safi ilikuwa kinga, na meza mbili zilifanya kazi kwa wakati mmoja. Anayeanguka ubao anaambiwa hapo hapo, hakai hadi alasiri kungoja gari ambalo hatalipanda.

Sasa niseme jambo ambalo kwangu ndilo kubwa, na ambalo sijasikia likizungumzwa na wengi.

Machi 26, 2021, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa kaunti tano, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru yetu. Ukiwa ndani hutoki, ukiwa nje huingii. Kafyu ndani ya kaunti hizo ikawa saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri. Nilikuwa na kijana wa Mogotio, upande wa Baringo, aliyekuwa akija kila siku kwa matatu. Kutoka kwao hadi mjini hapa si mbali, ni mwendo wa kupita Kampi ya Moto na Kabarak. Mtihani wake ulikuwa wiki iliyofuata. Alikuwa ameahidiwa kazi ya kuendesha kanta ya maziwa, na mwenye kanta alikuwa tayari kumngoja mwezi mmoja.

Siku ya mtihani alinipigia saa moja asubuhi. "Mwalimu, nimefika kizuizini. Askari wamenirudisha." Nilimwambia awaonyeshe karatasi ya mtihani. Aliwaonyesha. Haikusaidia, na siwalaumu askari wale, amri haikutaja wanafunzi wa udereva. Nilisikia upepo kwenye simu na lori likipiga honi. Akasema, "Basi, mwalimu, narudi."

Kaunti zilifunguliwa Mei 1. Mpaka apangiwe tarehe nyingine na kunifikia tena, alikuwa hajagusa usukani kwa zaidi ya miezi miwili. Huyu alikuwa mwanafunzi wangu bora wa kundi lile. Nilipomweka kwenye kiti nikaona goti la kushoto linatikisika. Akaachia klachi kwa ghafla, gari likaruka mbele na kuzima. Akawasha, likazima. Mara ya tatu aliangalia chini kutafuta miguu yake, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu siku ya pili ya masomo. Sikuwa na siku za kumrudisha nyuma. Alienda akapimwa hivyo, na kwenye raundabauti gari lilizima mbele ya tuktuk mbili na lori la mawe. Akaanguka.

Watano niliowapeleka siku ile, watatu walianguka. Wote watatu walikuwa wamefaulu mazoezi yangu kabla ya kufungwa. Na wote watatu wakarudi kwenye foleni, mbele ya watu ambao hawajapimwa hata mara moja, ambao nao walikuwa wanaendelea kusahau wakiwa wanangoja. Foleni ilikuwa inazaa foleni. Unaweza kuongeza watahini, unaweza kufungua Jumamosi, lakini kama unawapima watu waliosahau, nusu yao watakurudia.

Tangu hapo nikabadilisha kazi yangu. Zamani tulikuwa tunabeba wanafunzi wanne kwenye gari, mmoja anaendesha na watatu nyuma wanaangalia, na ukweli ni kwamba wale watatu walikuwa wanajifunza sana kwa kuangalia makosa ya mwenzao. Korona ilituondolea hilo, ikabaki mwalimu na mwanafunzi mmoja, madirisha yamefunguliwa, usukani, gia, handibreki na kifungo cha mkanda vimepanguswa. Kwa hiyo muda wa kila mmoja ulikuwa mfupi na kila dakika ilikuwa na thamani. Nilichofanya ni kuwaita wote waliokuwa na tarehe ya mtihani ndani ya siku tatu, kila mmoja dakika thelathini, bila malipo ya ziada. Sikufundisha kitu kipya. Klachi, kuondoka mlimani, raundabauti, kurudi nyuma. Na wale ambao hawakuweza kufika niliwaambia wakae kwenye kiti nyumbani, waweke viatu vitatu sakafuni, hiki klachi, hiki breki, hiki mafuta, macho mbele, nami naita kwa simu: gia ya kwanza, ondoka, simama, rivasi. Mama wa Bondeni alifanya hivyo jikoni kwake huku watoto wake wakiita pamoja nami. Alifaulu mara ya kwanza.

Kama ningeulizwa na mwenye mamlaka, ningeomba machache. Tarehe ya mtihani itolewe mapema kiasi cha mwalimu kumwandaa mtu, isiwe ujumbe wa jioni kwa mtihani wa kesho. Karatasi yoyote ya mwanafunzi yenye tarehe ya kuisha iongezewe siku zote ambazo serikali yenyewe ilisimamisha mtihani. Uingereza hawakufanya hivyo. Kule England mitihani ya barabarani ilisimama Machi 2020, ikarudi Julai 22, ikasimama tena zaidi ya mara moja hadi Aprili 22, 2021, na cheti cha mtihani wa nadharia, ambacho kinadumu miaka miwili, hakikuongezwa muda. Watu wakalazimika kufanya nadharia upya, yaani kupanga foleni ya pili ili waruhusiwe kurudi kwenye ya kwanza. Lakini wao hao, mitihani iliposimama mara ya kwanza, waliruhusu wahudumu muhimu kama wa afya waombe mtihani wa dharura. Hilo ningetaka tuliige neno kwa neno. Nesi wangu wa zamu ya usiku hakupaswa kuwa nyuma ya mtu anayetaka leseni ya kwendea harusini.

Na mtahini aende kwa watu. Kama barabara ya Mogotio imefungwa, kuna uwanja Mogotio. Ubao unabebeka na vigari vinaingia mfukoni. Gari la kufundishia lipo katika kila mji wenye shule ya udereva. Mtahini mmoja akivuka kizuizi kwa kibali ni rahisi kuliko wanafunzi thelathini kukivuka.

Kijana wa Mogotio alifaulu mara ya pili, Julai. Mwenye kanta alikuwa ameshaandika dereva mwingine. Alikaa miezi minne bila kazi, kisha akapata ya kuendesha pikapu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambayo bado anayo. Akipita mjini hunipigia honi pale Kenyatta Avenue, mara mbili fupi, na mimi humwinulia mkono.

Wiki ile ya tangazo la mpox nilivitoa vile vigari. Vimebaki tisa. Nimeviosha, nikanunua vitatu vingine, na nimewapigia walimu wenzangu wanne kuwauliza kama bado wanaikumbuka ile ratiba ya zamu. Watatu wanaikumbuka. Wa nne shule yake ilifungwa 2020 na haikufunguliwa tena, lakini alisema ana nakala ya karatasi, na Ijumaa ataniletea.